Mionzi ya Haraka na Mionzi ya Taratibu

Foibe mwanangu,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu nilipokuwa msichana wa ishirini na kitu. Kwanza husikika hewa ikisukumwa, fuuu, kisha chuma kinagonga chuma mara moja, ko, kama mtu amefunga sanduku zito katika chumba cha pili. Halafu kimya. Kile kimya ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Kipande kidogo cha kobalti, madini yanayotoa mionzi, kilikuwa kimesogea ndani ya kichwa cha mashine mpaka kwenye tundu lake, na sasa kilikuwa kinamwangalia mtu aliyelala chini. Sisi wafanyakazi tulisimama nje, nyuma ya ukuta mnene, tukingoja saa iishe. Mgonjwa alibaki peke yake na kitu asichokiona, kisicho na harufu, kisichouma. Siku moja niliusikia mlio ule, na aliyelala mle ndani alikuwa Bibi yako.

Sanduku lako liko mlangoni na kamba umeifunga mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi. Sitakuandikia habari za sabuni, soksi na kuwasalimia walimu. Hayo Mjomba Yohana atakuimbia kesho njia nzima, kuanzia hapa Mikumi mpaka Iringa, hadi utamani basi likimbie zaidi. Nakuandikia lile nililoshindwa kulisema wakati wa kula, uliponiuliza kwa nini sahani yangu imebaki vilevile nami nikasema ni joto.

Nina ugonjwa aliokuwa nao Bibi, kansa ya mlango wa kizazi. Nilipokwambia nakwenda semina Morogoro nilikuwa nimekwenda mbali zaidi, kupimwa, na hakuna shaka iliyobaki. Nitaanza kutibiwa baada ya wewe kuondoka. Unaweza kuuliza kwa nini nisikwambie hayo tu nikaishia hapo. Ni kwa sababu kuna njia zaidi ya moja ya kutibiwa kwa mionzi, na njia niliyoichagua itakuumiza na wewe. Nataka uijue sababu kutoka kwangu, si kutoka kwa watu.

Nchi ilipopata uhuru nilikuwa shule ya kati ya misheni. Mwalimu wetu alisimama mbele akasema sasa watatakiwa watu wetu kwa kila kazi, hata kazi ambazo hazina jina kwa Kiswahili. Wenzangu walicheka. Mimi nilihisi ananitazama mimi. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, nikichukua kila neno kana kwamba limeandikiwa mimi. Nilikupata nikiwa bado mdogo, nikakuacha kwa Bibi kijijini Mvumi, nikaenda kusomea kazi ya mionzi. Baba yako, kama unavyojua, alikuwa ameshapata nyumba nyingine. Hospitali nilikoajiriwa sitaitaja, kwa sababu waliokuwepo walikuwa watu wema na kosa nitakalolisimulia lilipita mikononi mwangu.

Tulikuwa na mashine moja, na baraza iliyojaa wanawake tangu alfajiri. Desturi ilikuwa kumpa mgonjwa dozi ndogo kila siku ya kazi kwa wiki sita hivi, na mwishoni kumlaza peke yake katika chumba na kumwekea ndani ya mwili mirija midogo yenye radiamu, madini mengine yanayotoa mionzi. Mashine inapiga kutoka nje, kwa nguvu na kwa dakika chache. Radiamu inafanya kazi kutoka ndani, polepole, mchana na usiku bila kupumzika, na nguvu yake inapungua haraka kadiri unavyokwenda mbali nayo, kwa hiyo uvimbe unapata nyingi na viungo vilivyo mbali nao vinapata kidogo. Ni matibabu mazuri. Lakini mwambie mwanamke wa milimani akae wiki sita, atakuuliza nani atalinda mahindi yake na nyani. Wengine walikubali kwa mdomo, kisha wakatoroka katikati.

Daktari wetu alitaka kujua kama kazi ileile ingeweza kufanywa kwa wiki mbili, kwa dozi kubwa chache. Alipunguza jumla kidogo ili ngozi isiungue zaidi ya kawaida. Wagonjwa wengine walipewa njia ndefu, wengine njia fupi, na kazi ya kulinganisha nilipewa mimi.

Foibe, fikiria mvua. Ukiweka kopo uani, msimu ukiisha kopo litakwambia imenyesha kiasi gani, lakini halitakwambia imenyeshaje. Mvua ileile ikija taratibu inaotesha mahindi, na ikija usiku mmoja mto Mkondoa unafurika, unaingia mjini Kilosa na kubeba nyumba. Mwili nao uko hivyo. Mionzi inajeruhi seli nzuri na mbaya pamoja. Ukitoa kidogo kidogo, seli nzuri zinapata nafasi ya kujikarabati kati ya dozi na dozi, na zile za kansa hazijui sana kujikarabati. Ukitoa kwa mkupuo, zote zinazidiwa. Na sehemu nyingine za mwili, kama kibofu, utumbo na mishipa midogo ya damu, hazisemi siku hiyo kwamba zimezidiwa. Zinanyamaza mwaka, au miwili. Hili la kunyamaza sikuwa nalijua. Nilijua ngozi tu, na kwa macho ya ngozi njia zote mbili zilikuwa sawa.

Tena ile fupi ilionekana bora. Watu wa njia ndefu walikuwa kero. Walichubuka, waliharisha, walitutukana. Wa njia fupi waliondoka wakicheka, na mmoja alituletea mkungu wa ndizi. Baada ya miezi tuliwaandikia wote barua za kuwaita waje wachunguzwe. Waliokuja wa njia fupi walikuwa wazima. Wengi hawakuja wala hawakujibu, na asiyekuja tulimhesabu mzima pia. Angekuwa anaumwa si angekuja? Hivyo ndivyo tulivyosemezana.

Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini. Barua zetu zilikuwa zinakwenda kwenye vitongoji ambavyo vilikuwa vimebaki kuta bila paa. Mimi ni mtu wa Kilosa. Nilijua watu wanahamishwa, nilisoma magazetini, nilipiga makofi mikutanoni, na niliamini, hata leo naamini sehemu yake. Lakini mezani kwangu niliandika anwani ya mlima usio na mtu, nikabandika stempu, na nilipokosa jibu nikaita kimya kile afya.

Hapo katikati ndipo Bibi alipoanza kutokwa damu. Alikuja kwa treni na kikapu chake, akalala kitandani kwangu. Wewe ulikuwa darasa la tatu na tulikuacha kwa jirani. Siku chache tu zikapita, habari ikaja kwamba umegoma kula. Wakati huohuo Mvumi walikuwa wanagawiwa viwanja vya kijiji kipya, na asiyekuwepo angewekwa kule mwisho, mbali na maji.

Bibi alimwambia Daktari, "Mwanangu, kiwanja kinagawiwa, mjukuu hali chakula, na mimi nimejilaza hapa kama bibi harusi. Nipeni yote kwa mara moja. Sindano ya vidonda vya buba ilikuwa moja tu, na buba ilikwisha."

Daktari alicheka, akanigeukia. "Wewe ndiye unayelinganisha. Mama yako ungempa ipi?"

"Fupi," nilisema.

Sikufikiri hata muda wa kuvuta pumzi. Nimejiuliza mara nyingi jibu lile lilitoka wapi upesi hivyo. Lilitoka kwenye kazi yangu, ni kweli. Lakini kama Bibi angekaa wiki sita, ilibidi mimi niombe ruhusa nirudi Mvumi kukulea, na nilikuwa naogopa kwamba nikitoka mtu mwingine atakaa kwenye kiti changu. Nilitaka mama yangu apone haraka ili arudi kukulea wewe, ili mimi niendelee kuwa mtu wa muhimu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo siku mtu atakapokwambia kwamba Bibi alifupisha matibabu kwa sababu yako, na wapo watakaosema, mwambie mama yako amekuandikia. Ulikuwa mtoto unayemlilia bibi yako. Aliyekugeuza kuwa sababu ni mimi.

Bibi alirudi akiwa amenawiri. Alipata kiwanja karibu na kisima, akajenga, akalima. Utakumbuka mwaka ule, alivyokuwa anakukimbiza na mwiko ukimwibia karanga.

Daktari alikuwa mtu mwaminifu, na ule ukimya wa barua ulianza kumsumbua. Akanituma nikawatafute wagonjwa wa wilaya yetu, kwa kuwa nazijua njia. Nilianzia kijiji kinachoitwa Ulaya, hukuhuku Kilosa. Mwenyekiti wa kijiji nilimkuta anatengeneza baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgeni, una barua ya wilaya?"

"Sina. Namtafuta Mama Salome, aliyekuwa akikaa juu milimani."

"Juu hakuna mtu siku hizi, ni nyani tu, nao tumewaandikia wateremke hawajajibu." Alicheka peke yake, kisha uso ukabadilika. "Mama Salome. Pita nyumba zote za mstari huu. Zikiisha, endelea."

Niliendelea. Kibanda chake kilikuwa kimejengwa mbali na vingine, upande upepo unakokwenda. Nilijua kwa nini kabla sijafika. Mkojo ulikuwa unamtoka bila kuzuilika, kwa kupitia tundu ambalo halikupaswa kuwepo mwilini, na alikuwa ameketi juu ya magunia yaliyokunjwa. Alinitambua.

"Ndiyo wewe," alisema. "Si mlisema nimepona?"

"Uvimbe umerudi, mama?"

"Uvimbe haupo. Uvimbe mliuondoa, sikatai. Mliniletea dawa ya haraka, nikawashukuru. Mwaka mzima nimelima. Halafu ndiyo hii." Akavuta gunia moja chini yake. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Msalimie."

Nilikwenda kwingine, na kwingine. Sikuwakuta wote, na wapo wa njia fupi waliokuwa salama. Lakini niliwakuta wenzake Mama Salome zaidi ya nilivyoweza kuvumilia, na wote walikuwa wa dozi kubwa, na wote walikuwa wameanza kuumwa baada ya sisi kuacha kuwatazama. Katika kijiji cha Malolo nilimkuta mama mmoja wa njia ndefu ambaye tulimhesabu kuwa tumeshindwa naye, kwa jinsi alivyoungua na kulia. Alikuwa anashusha gunia la mahindi kichwani.

"Heee! Mwacheni apite huyo, ndiye aliyenichoma kama muhogo!" aliwapigia kelele wenzake. "Njoo uone ulichokichoma." Akanicheka, akanipa uji.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Mvumi. Uliruka ukanikumbatia, ukaniuliza nimekuletea nini. Bibi alikuwa anatwanga. Niliketi kwenye kigoda nikaiangalia mikono yake ikipanda na kushuka, mwanamke mwenye nguvu, anayeimba, aliyepona, na nikajua kinachokuja. Yeye hakujua. Wewe hukujua. Wala hapakuwa na kitu cha kufanya, kwa sababu dozi ikishaingia haitolewi. Alinambia, "Mbona unanitazama kama mtu anayeagana?" Nikasema nimechoka na safari.

Kwa miezi mingi nilikuwa naamka nikiwaza leo imeanza. Kila alipokwenda msalani nilihesabu moyoni. Nimeona kansa nyingi, Foibe, lakini sijaona kitu cha kutisha kama ule muda mzuri, yeye akiimba na mimi nikingoja.

Ilianza baada ya mavuno. Mengine unayajua, jinsi alivyohamia kulala jikoni kwa hiari yake, jinsi ulivyokataa kulala naye na baadaye ukalia kwa kukataa. Watu walisema ugonjwa umerudi, wengine wakasema amefanyiziwa. Ugonjwa haukurudi. Alikufa na kansa yake ikiwa imepona. Daktari aliiacha ile njia ya dozi kubwa kwa wote isipokuwa wasioweza kabisa kukaa, na mimi niliacha kazi, nikaomba kufundisha sayansi hapa Mikumi. Walisema ni hasara kwa taifa.

Sasa ni zamu yangu, na swali lilelile limewekwa mbele yangu. Wiki mbili au wiki sita? Nina kazi, nina mtoto anayekwenda shule, kwa hiyo wangenikubalia fupi.

Mjomba Yohana alikaa hapa uani wiki iliyopita, ulipokuwa kwaya, tukabishana mpaka chai ikapoa.

"Dada, nenda wiki mbili urudi. Mtu anapigwa mionzi, anarudi kulima."

"Mama alikwenda wiki mbili."

"Mama alifanyiwa na watu wa Mvumi. Husuda."

"Husuda ya nini, Yohana? Mama hakuwa hata na kuku wa kuonewa husuda."

"Alikuwa na wewe." Akatema mate. "Umesoma mpaka unabishana na marehemu."

Baadaye alifunika uso kwa kofia yake, na nikaona mabega yanamtikisika. Yeye ndiye mjomba wako. Kwa desturi yetu neno lake juu yako ni zito kama langu, pengine kuzidi, ndiyo maana nilihitaji akubali. Alikubali kwa shida.

Nimechagua njia ndefu. Wiki sita za dozi ndogo, kisha radiamu. Usidhani nimechagua usalama. Njia hii ina hatari yake. Mapumziko ya siku moja yanaponya seli nzuri, lakini mapumziko ya wiki yanaiponya na kansa pia. Mashine ikiharibika, reli ikikatwa na mvua, au mimi nikikata tamaa nikaondoka katikati, kilichobaki kinaota upya na huenda kisizuilike tena. Nimewaona waliotoroka. Walirudi wakiwa hawana tena cha kutibiwa. Basi ni lazima nifike mwisho bila kuvunja.

Na nitaonekana vibaya. Hilo ndilo ninalotaka likae kichwani mwako. Karibu na wiki ya nne nitakuwa nimekonda, nimechubuka, sili. Atakayeniona ataleta habari Kilosa kwamba Mama Foibe anakufa, wamemwunguza, kamtoeni. Atakuwa anasema alichokiona. Na huenda ikawa kweli, kwa maana naweza nisipone. Lakini ubaya wa wiki ya nne hautakwambia lolote, kama vile uzuri wa Bibi haukutwambia kitu. Nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine kutoamini uso wa mtu katika miezi ya mwanzo. Sijui kama somo hili litakufaa kwenye jambo lingine lolote. Kwangu limekuwa kubwa kuliko yote niliyosomeshwa.

Najijua pia. Nimesimama nyuma ya ukuta ule, najua mgonjwa anafikiri nini akiwa amelala. Nikiwa katika hali hiyo, halafu nikakuona wewe mlangoni pa wodi na sare yako ya shule, unalia, nitainuka. Nitavaa kanga yangu nitoke na wewe, na nitaita jambo hilo upendo, na Daktari hataweza kunizuia. Bibi alichagua kurudi upesi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Na wewe nakujua. Ukisikia mama yako anakufa, utaomba ruhusa. Ukinyimwa, utapanda lori.

Kwa hiyo sikukuuliza. Nimemwandikia mkuu wa shule yako, na Mjomba ameweka sahihi chini ya yangu. Tumemwomba usipewe ruhusa ya kutoka shuleni kwa sababu yoyote inayonihusu, aje nani kukuombea, hata ikisemwa niko katika pumzi ya mwisho, mpaka hospitali yenyewe imwandikie kwamba matibabu yamekamilika au kwamba nimekufa. Tumemwomba awaambie na walinzi wa lango. Mwandiko wangu ulikuwa imara. Utanichukia, na utakuwa na haki, na nisingependa ujilazimishe kuacha kunichukia upesi.

Jibu lake lilifika Ijumaa. Amekubali.

Mama yako